Wingu Juu ya Milima ya Mua

Mwezi wa saba ukifika, nyumba yangu hunuka nguo. Si uchafu. Ni ile harufu ya nguo iliyofuliwa vizuri, ikakamuliwa vizuri, halafu ikakosa jua siku tatu mpaka ikaanza kuchacha. Sare za wanangu ziko juu ya migongo ya viti, soksi ziko nyuma ya friji, na shati ninalopaswa kuvaa kesho kazini linaning'inia dirishani. Asubuhi nitalipiga pasi likiwa bichi, litatoa mvuke, na nitalivaa hivyo hivyo. Nimeishi Riruta, hapa Nairobi, karibu maisha yangu yote na baridi hii sijaizoea. Nimechoka nayo. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu najua nyinyi wa rika langu mnaosoma haya mmechoka pia, na wengi wenu mna soksi nyuma ya friji.

Wiki iliyopita nilinusa taulo moja, na badala ya kuirudisha kwenye beseni nikakaa nayo kitandani. Ilinuka shali ya nyanya yangu. Tulimwita Susu, kama Wakamba wanavyomwita nyanya. Aliishi nasi mwaka mmoja na kidogo, akafika wakati wa baridi na kuondoka wakati wa baridi. Kuna jambo nililomfanyia katikati ya hapo ambalo sijawahi kulieleza kwa mtu mzima yeyote. Mama yangu hajui. Baba alifariki bila kujua.

Nilikuwa darasa la nne. Tulikaa kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili vilivyotazamana, choo kimoja nyuma na bomba lenye kufuli. Baba alitunza bustani ya watu huko Kitisuru, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu ambayo sikuwahi kuiona ndani. Mama alifulia watu nguo. Kamba za plotini hazikumtosha, kwa hiyo alikuwa amepatana na Wafula, mtunza jengo la ghorofa nne lililokuwa jirani. Wafula alimruhusu aanike juu ya paa, na Mama akamfulia mablanketi ya watoto wake. Kazi yangu ilikuwa kupanda ngazi zile kila asubuhi kabla ya shule na tena jioni, kugeuza nguo, ya ndani ije nje, ya chini ije juu. Wakati wa baridi niligeuza shati moja siku nyingi mpaka nikawa nalijua kwa vifungo.

Kutoka kwenye paa lile uliona mbali. Upande wa machweo ilikuwepo milima ya Ngong, karibu kabisa, na mara nyingi juu yake kulikuwa na wingu zito lililoshuka mpaka kwetu. Upande wa mawio ulipita mabati ya majirani, ukapita majengo ya mjini, ukapita tambarare, na kule mwisho kabisa, asubuhi ikiwa safi, uliona mstari wa milima yenye rangi ya majivu. Hiyo ni milima ya Mua. Kwetu ni chini yake, upande unaotazama Nairobi.

Ilikuwa bahati mbaya kuwa upande huo, na nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Milima ya Mua ina watu wa mbele na watu wa nyuma. Wa mbele wanatazama kule bahari iliko. Wana plamu, wana pichi, na mahindi yao husimama hata mwaka mbaya. Sisi wa nyuma tuna vumbi, mbaazi, na mbuzi wanaojua kupanda miti. Kutoka kwao mpaka kwetu ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Nilimuuliza Baba kwa nini, naye akanieleza kwa kiganja chake kilichosimama wima kama mlima.

"Upepo unatoka baharini umebeba maji," alisema. "Ukifika mlimani, unapanda. Huko juu kuna baridi, unashindwa kubeba, unaangusha mzigo. Ukishuka huku kwetu umeshamaliza kila kitu. Ni hivyo tu, Mwende. Hakuna mtu amekosea."

Sehemu ya mwisho sikuiamini. Kwa akili yangu ya miaka tisa, mlima haungeweza kuwapa wengine plamu na wengine vumbi bila sababu. Niliamini upepo unapofika kule juu husimama na kuuliza uangushe wapi, na kwamba upo mtu anayeujibu. Na nilipomjua Susu vizuri, nikajua mtu huyo ni nani.

Maana akina mama wa mteremko wetu walikuwa na desturi yao. Hakuna aliyetia mbegu ardhini kabla Susu hajachimba shimo la kwanza. Yeye ndiye aliyetazama mlima. Aliutazama siku kadhaa, akanyamaza, kisha asubuhi moja akatoka na jembe bila kumwambia mtu, na wakimwona tu, wote wanatoka. Walipanda kwenye udongo mkavu, vumbi likipaa, na siku chache baadaye mvua ikawakuta mbegu ziko ndani. Kule nyuma ya mlima mvua ni chache, na ukingoja ianze kwanza umeshachelewa. Nilikuwa nimeliona jambo hilo mara moja, likizo. Susu alichimba, halafu mvua ikaja. Mtoto angefikiri nini?

Mwaka ule mvua za masika zilikuwa zimemkosa. Alichimba, akapanda, wingu likaishia kwa watu wa mbele. Mwezi wa saba Baba akaenda kumchukua, akaja naye na gunia dogo na shali ya sufu ya rangi ya kahawia. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Alitoka nje asubuhi ya kwanza, akaona milima ya Ngong ilivyofunikwa, na uso wake wote ukabadilika.

"Mama Mwende," alimwita mama yangu, "leo usifue. Mvua inakuja."

Mama alikuwa na nguo za beseni mbili zimeshalowekwa. Lakini mkwe ni mkwe, akaziacha. Siku hiyo haikunyesha. Ya pili haikunyesha. Wingu lilikaa pale pale, likidondosha manyunyu yasiyoweza kulowesha hata kikombe, na nguo zikaanza kunuka kwenye maji. Siku ya tatu Mama alifua kimya kimya, na Susu alikuwa amekaa mlangoni akiitazama Ngong kwa hasira.

"Mwaitu," Mama alimwambia, maana hata yeye alimwita hivyo, yaani mama, kwa Kikamba, "hapa wingu ni blanketi tu. Inakaa hadi mwezi wa nane. Haimwagi kitu."

"Basi wingu la hapa ni la uongo," Susu akasema. Maisha yake yote alikuwa ameishi nyuma ya mlima, akiwaonea wivu wa mbele. Sasa alikuwa amewekwa mbele ya mlima mwingine, na kitu pekee alichopata ni baridi ya magoti.

Siku moja Mama alituchukua sote wawili mpaka Ngara, kwenye maduka ya jumla, kununua sabuni. Tulitoka Riruta chini ya ukungu. Ngara ilikuwa na jua. Jua la kweli, watu wako na mikono mifupi, na mama mmoja anauza miwa akijipepea kwa kadibodi. Susu alikaa kwenye ngazi ya duka, akaifungua shali, akanyoosha miguu.

"Kumbe lipo," alisema. "Ni nyinyi mmepanda juu mkaingia ndani ya wingu. Kwa nini hamkai huku?"

"Kodi, Mwaitu," Mama akasema.

Susu alicheka mpaka yule mama wa miwa akacheka naye. Tulikaa pale mpaka jua likahama ngazi. Sikuwahi kumwona akiwa na furaha vile tena Nairobi.

Nilikuwa nalala naye. Kabla ya hapo nililala peke yangu kwenye godoro nyuma ya pazia, na Riruta wakati wa baridi miguu haipati joto mpaka alfajiri. Susu aliibana miguu yangu katikati ya vigimbi vyake na kulalamika kwamba nimemletea vyura kitandani. Nikirudi kutoka shule nilimkuta, na hilo pekee lilikuwa kubwa. Miaka yote nilikuwa nafungua kufuli mwenyewe na kukaa kwenye chumba kisicho na mtu mpaka Mama arudi. Sasa kulikuwa na uji, na mtu wa kuniuliza nani amenichokoza. Hata Baba na Mama waliacha kugombana mbele yake. Nilitaka akae milele. Sikutaka kitu kingine chochote mwaka ule.

Yeye alitaka kurudi. Mwezi wa tisa jua liliporudi alianza kulisema kila siku. Mvua za vuli zinakuja, shamba halijasafishwa, wale wanawake watafanya nini. Baba alikataa. Alikuwa ameshaona mifupa ya mabega yake.

"Utaenda kula nini, Mwaitu? Mvua ikikosa tena?"

"Mlima utaniambia."

"Hapa huwezi kuuona mlima."

"Mwende anauona," Susu akasema.

Ndivyo makubaliano yalivyofanyika, juu ya sufuria ya maharagwe, mimi nikiwa pale pale. Baba alisema siku mlima wa kwetu ukionyesha dalili, atamwomba tajiri wake wa Kitisuru ruhusa na kumpeleka nyumbani mwenyewe, siku hiyo hiyo. Usipoonyesha, atakaa nasi hadi mwaka mwingine. Kulikuwa na njia ya kupiga simu, lakini angemuuliza nani? Susu alisema wengine huiona mvua ikishanyesha, na yeye alihitaji kuwa kule kabla. Redio nayo ilizungumzia Ukambani yote kwa pumzi moja, mbele na nyuma. Magoti ya Susu hayangeweza ngazi zile. Kwa hiyo mimi nikawa macho yake.

Alinifundisha siku mbili, kwa shali yake iliyokunjwa juu ya goti. Goti lilikuwa mlima. Wingu likisimama hapa juu na kuishia hapa, limekatika kama limekatwa kwa kisu, hiyo ni mvua ya watu wa mbele, tuachane nayo. Lakini likivuka, likaning'iniza ukingo wake huku kwetu, na ukirudi shuleni bado liko, hiyo ni yetu. Siku ya tano itanyesha.

"Umeelewa?"

"Ndiyo, Susu."

"Usiniletee habari ya kutaka kunifurahisha. Niletee ulichoona."

Wiki nyingi nilimletea nilichoona. Kila asubuhi niligeuza nguo, nikatazama mawio, nikashuka. "Mlima umevaa nini?" aliuliza. "Uko wazi, Susu." Au, "Wingu limekatwa juu." Yeye alitikisa kichwa na kuendelea kuchambua maharagwe. Nilikuwa naomba, kanisani na shuleni na chooni, ubaki wazi.

Halafu ikaja asubuhi moja ya mwezi wa kumi. Usiku upepo ulikuwa umegeuka, na vumbi la mjini lilikuwa limesafishwa angani. Nilifika juu na kuona milima ya Mua vizuri kuliko siku yoyote. Juu yake lilikuwa wingu jeupe, nene, na ukingo wake ulikuwa umevuka kilele na kuning'inia huku kwetu, kama vile shali ilivyoning'inia gotini. Sikuhitaji kutazama mara mbili. Wafula alikuwa pale akirekebisha tangi la maji. Yeye ni mtu wa Bungoma, kule mvua haiwapigi chenga, lakini hata yeye aliliona.

"Mwende, cheki kwenu huko," alisema. "Hiyo si moshi, hiyo ni mvua inabisha. Enda uambie nyanya yako."

"Naenda kumwambia," nikasema.

Nilishuka. Kwenye ghorofa ya tatu nilikuwa bado nakusudia kumwambia. Kwenye ya pili nikafikiria kitanda nyuma ya pazia, na kufuli. Nilipofika chini nilikuwa nimeshaamua. Susu alikuwa kwenye kigoda mlangoni.

"Mlima umevaa nini?"

"Uko wazi, Susu."

Aliinua uso kidogo, pua yake ikitafuta kitu. "Ajabu," alisema. "Upepo wa leo una harufu." Kisha akarudi kwenye ungo wake.

Nataka nieleze vizuri nilivyofikiri, si kujitetea, ila kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sikufikiri nimemnyima mvua. Nilifikiri nimeichelewesha. Niliamini upepo umesimama kule juu na mzigo wake, unangoja Susu aseme, kama vile wanawake walivyomngoja atoke na jembe. Asiposema, hautaangusha. Utangoja hadi mwaka mwingine, nikiwa nimekua na siogopi kulala peke yangu. Hakuna atakayekosa kitu. Nilikwenda shuleni nikiwa na amani kabisa.

Jioni wingu lilikuwa bado liko. Siku ya pili liko. Nikasema mlima uko wazi. Siku ya tatu Susu alimsimamisha Baba kabla hajaenda kazini.

"Mutua, nipeleke nyumbani. Mwili wangu unaniambia. Magoti haya hayajawahi kunidanganya."

Baba alinitazama. Alikuwa na viatu vya mpira mkononi na haraka ya kuwahi Kitisuru. "Mwende, mlima unasema nini?"

"Hauna kitu," nikasema. "Uko wazi tu."

"Mwaitu, umesikia," Baba akamwambia kwa upole. "Mtoto hana sababu ya kudanganya."

Susu alinitazama kwa muda. Leo hii nikiwa na watoto wangu najua kwamba mtu mzima huweza kuusoma uso wa mtoto ukimdanganya. Lakini yeye hakunishuku. Aliyashuku magoti yake. Alisema, "Basi ni uzee," akaketi. Siku ya nne nilisema tena, na siku hiyo hakuuliza sana.

Siku ya tano mvua ilinyesha. Sisi wa Riruta tulinyeshewa usiku ule ule na kila mtu akafurahi, na mimi nikajiambia kwamba hii ni ya Ngong, haihusiani. Jumapili baada ya kanisa kijana wa jirani yetu wa nyumbani alimpigia Baba simu, na Baba akaweka sauti ya nje ili Susu asikie. Kijana alikuwa na furaha. Alisema imepiga siku tatu mfululizo, huku nyuma na huko mbele, haijatokea miaka. Watu wote wameshapanda.

"Wote?" Susu akauliza.

"Wote, Susu. Ni lako tu limebaki na magugu."

Baba alianza kusema kwamba bado wanaweza kwenda, Jumatatu, hata kesho. Susu alimzuia kwa mkono. Ardhi yetu ni ya mchanga, maji hayakai. Anayepanda baada ya mvua ya kwanza analisha ndege. Alimrudishia Baba simu, akamshukuru kijana kwa jina, akavuta shali. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na Mama akasema nina huruma.

Kwa hiyo akabaki. Nilipata nilichotaka, na nilikipata chote, kitanda na uji na mtu mlangoni, na ndani ya wiki mbili sikukitaka tena. Susu hakuwa mgonjwa. Alikuwa tu ameacha kujiamini. Alimuuliza Mama kama chumvi imetosha, huku ulimi wake umeshaonja. Aliniuliza kama ni asubuhi au jioni, jua likiwa mbele ya macho yake. Mwanamke aliyekuwa akiwaambia watu wa mteremko mzima wapande lini sasa aliuliza kama avae sweta. Mama alifikiri amezeeka ghafla, kama wazee wanavyozeeka wakihamishwa. Asubuhi nilishuka kutoka kwenye paa na hakuniuliza mlima umevaa nini. Nilianza kumwambia mwenyewe, bila kuulizwa, na ukweli mtupu. Alijibu, "Sawa, mama," na macho yake yako kwenye ungo.

Baridi ilirudi, na mwaka huo ilimwingia kifuani. Alilala mchana nyuma ya pazia, shali mpaka kidevuni, ikiwa na harufu ile ya sufu isiyokauka. Mama alikuwa amepeleka nguo. Nilirudi shuleni, nikampa maji, na sikupanga kusema lolote. Lakini aliniuliza kama maji hayo ni moto au baridi, na kikombe kilikuwa kinatoa mvuke mkononi mwake. Sikuweza tena.

"Susu, niliuona," nikasema. "Ule mwezi wa kumi. Wingu lilivuka. Nilikudanganya ili usiende."

Nilivingojea vyote, kofi na kilio. Akakiweka kikombe chini, taratibu.

"Siku ngapi?"

"Nne."

"Lilikuwa linaning'inia wapi?"

Nilichukua ncha ya shali na kuikunja juu ya goti lake kama alivyonifundisha. Nikamwonyesha lilipoanzia na lilipoishia, jioni ya kwanza na asubuhi ya tatu. Alitazama kwa makini kabisa. Alinisahihisha mara moja, akaisogeza ncha chini kidogo, nami nikakubali, ndiyo, ilikuwa chini zaidi.

"Na mvua siku ya tano," alisema.

"Ndiyo."

"Basi sikukosea."

Alisema hivyo na uso wake ukafunguka, naye alikuwa mgonjwa na amekosa shamba na msimu mzima. Alinivuta sikio, likauma kidogo tu. Akaniambia nisimwambie Baba, maana atanipiga na yeye hapendi kelele. Jioni ile Mama alipomletea mchuzi, alionja na kusema hauna chumvi, hata usiulize, hauna chumvi. Mama alishangaa sana.

Kabla ya kulala aliniambia jambo moja tu zaidi, na hakulisema kwa uchungu wa kunilaumu. Alisema, "Lakini wale wanawake walipanda bila mimi. Hata kungoja hawakungoja. Hilo si lako wewe." Akageukia ukutani, na miguu yangu ikawa katikati ya vigimbi vyake.

Alifariki mwezi wa nane, kabla jua halijarudi Riruta. Tulimpeleka nyumbani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona milima ya Mua kutoka chini yake tangu nilipoanza kuitazama kutoka kwenye paa. Haikuwa ya majivu hata kidogo, ilikuwa na miti, mbuzi na nyumba ya mtu yenye mlango wa bluu. Ilikuwa wazi, anga lote tupu. Watu walikuwa wengi, na wengi wao akina mama.

Baada ya maziko mmoja wao alikuja pale nilipokaa. Jina lake Syombua, shamba lake limepakana na la Susu. Alinipa kipande cha muwa, akaketi chini, akaniuliza kama kweli mimi ndiye niliyekuwa nikilala naye. Nikamwambia ndiyo. Alitazama shamba la Susu lenye magugu, akakung'uta mchanga kwenye leso yake.

"Vuli ile tulimngoja," alisema. "Wingu lilivuka, kila mtu akaliona, na jembe tukakataa kugusa. Nilituma watoto barabarani wakaangalie kama amefika. Siku nne. Ya tano mvua ikatukuta bado tumekaa, ndiyo tukapanda kwenye matope, na nusu haikuota. Tukasema labda ameshakuwa mtu wa Nairobi, ametusahau."

Nilimwambia hapana, hakuwa amewasahau. Hakuniuliza nimejuaje.